Unywele kwenye Ekseli

Bwana Lohmann alikileta ndani ya soksi.
Soksi ya sufi, kisigino kimeliwa,
na ndani yake kichwa cha garimoshi, cheusi,
kirefu kama kiganja changu na kidole kimoja juu.
"Kinakoroma," akasema. "Kisha kinasimama
palepale mbele ya stesheni, kama mtu aliyesahau tiketi."

Chumba hiki cha chini, hapa Zwickau, kilikuwa cha kufulia;
mvua ikinyesha kuta bado zinanuka sabuni.
Nina meza, taa ya shingo ndefu, vibano vitatu,
na kisahani cha chai cha kuwekea skrubu,
maana ikianguka hapa sakafu huila na haicheui.

Nikakilaza chali juu ya sponji.
Skrubu mbili tumboni, moja nyuma ya bomba.
Ganda likatoka, nikauona umri wake:
grisi imeganda ikawa nta,
brashi za kaboni zimelika, zimebaki punje za pilipili manga,
magurudumu yamevaa masizi ya sebule moja
kwa miaka hamsini.

Pamba na spiriti. Gurudumu baada ya gurudumu,
pamba ikaja nyeusi, ikaja kijivu, ikaja nyeupe.
Mafuta: tone moja kwenye ncha ya sindano.
Wanaoanza humwaga, wakidhani mapenzi ni wingi.

Kisha ekseli ya tatu.
Nyuzi za zulia, kijani. Manyoya ya paka.
Na chini kabisa, umejizonga mara kumi na tisa
(nilihesabu nikiufungua),
unywele mmoja mrefu, mwekundu kama shaba mpya.

Nikauweka kwenye karatasi.

Kazi iliyobaki niliifanya kama nilivyoagizwa:
mota mpya, ndogo kama fundo la kidole;
chipu, nikilehemu waya huku nimeshika pumzi,
mwekundu reli ya kulia, mweusi ya kushoto;
balbu za zamani zilizokuwa zikiunguza plastiki nikazing'oa,
nikatia taa za mwanga wa njano, si ule mweupe wa hospitali.

Jumanne akaja. Nikakiweka relini.
Kikaondoka bila sauti,
kama maji yanavyopenya chini ya mlango.
Miaka thelathini na minne aliendesha magarimoshi halisi;
sikio lake la kushoto limebaki hukohuko.
Nilijiandaa kwa lawama, kamba kuukuu na ukambaa mpya.
Akasema tu, "Sasa hakikoromi,"
na sikujua kama anashukuru au analia.

Nikamsogezea karatasi, nikijisifu kimoyomoyo,
maana hadithi nzima nilishaitunga:
marehemu mkewe, magoti zuliani, mkesha wa Krismasi,
kichwa kimeinama juu ya reli.

Akavua miwani. Akaivaa tena.
"Gudrun alikuwa na nywele nyeusi," akasema.
"Nyeusi, na fupi."

Bomba la maji likanguruma ukutani.
Kichwa kilikuwa bado kinazunguka.

"Hiki ni cha mtumba," akasema mwishowe.
"Mwaka sabini na nne, kwa mtu wa Plauen
aliyekuwa akihama, hakusema anahamia wapi.
Alihesabu pesa mara mbili. Hakukitazama."

Nikanyoosha mkono niutupe. Akanizuia kwa kidole.
"Umekuwa humo muda wote?"
"Chini ya manyoya ya paka wako."
"Basi si mgeni."

Kwenye ekseli hapafai, nikamwambia, utaikaba mota.
Nikafungua tena: skrubu mbili, moja nyuma ya bomba.
Nikainua kipande cha risasi
kinachokipa uzito wa kukamata reli,
nikauviringisha chini yake.
Mizani yangu ya vito haikuona tofauti.

Akauliza bei. Nikataja ya mota na ya chipu.
"Na ya kufungua mara ya pili?"
Hiyo haikuwa kazi, nikasema, nilichungulia tu.

Akalipa. Akapanda ngazi taratibu, soksi kifuani,
na sikio lake la kulia, lile linalosikia,
ameliinamisha kwenye sufi.